Kabla Hujamtaja Mtu kwa Bawa la Kuku

Kwa Minza, mwanangu niliyempata nikiwa bado sijui kufunga mtoto mgongoni,

Bibi yako amenikuta na kalamu, akauliza kama naiandikia serikali. Nimemwambia namwandikia Minza. Akasema, "Minza si huyo hapo nje anachambua choroko? Mwite umwambie kwa mdomo, usimalize wino wa watu bure."

Hakukosea. Uko hapo nje, nakusikia unabishana na mdogo wako nani kalamba sufuria ya maziwa. Lakini mimi na wewe tukikaa kuzungumza jambo zito, wewe unacheka, mimi nalia, na jambo lenyewe linabaki katikati yetu kama mgeni asiyekaribishwa. Karatasi haicheki wala hailii. Ndiyo maana nimeipa kazi hii.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kwa kalamu. Kisukuma changu kiko mdomoni, hakijawahi kushuka mpaka vidoleni. Babu yako, baba yangu, alikuwa akiwapikia Waswahili wenye maduka pale Kagongwa, nikaokota lugha yao jikoni pamoja na makoko ya wali. Kusoma nilifundishwa na katekista, na nikaolewa kabla hatujamaliza kitabu. Kwa hiyo ukikuta herufi imegeuka inatazama ilikotoka, igeuze tu, twende.

Sitakuandikia habari za michembe ya viazi ya kula njiani, wala namna ya kufunga mzigo, wala kwamba uamkie watu kabla hawajakuamkia. Hayo bibi yako ameyasema jana na leo, na kesho wale wafanyabiashara wa chumvi wakishawaswaga punda wao, atayasema tena akikimbia nyuma yenu. Mimi nina jambo moja.

Unakwenda Runzewe kwa Bibi Kalekwa kujifunza uganga. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini juzi kisimani nilikusikia. Mama Doto alikuwa anasikitika kwamba ng'ombe wake amekauka maziwa, na wewe, ndoo kichwani, ukasema, "Muulizeni yule bibi wa ng'ambo ya mbuga, mwenye jicho jekundu. Kila anapopita, kitu kinakauka." Ulisema kwa mzaha. Ukacheka. Uliona kwamba wale wanawake hawakucheka? Walitazamana. Nilikufinya, ukanuna mpaka jioni, ukamwambia baba yako kwamba mama anafinya watu bila sababu.

Sababu ni hii. Leo mdomo wako ni wa binti wa kisimani, ukisema neno linakauka pamoja na maji yaliyomwagika. Kuanzia kesho unakuwa mdomo wa mganga, na huku kwetu watu wakisikia jina la mtu limetoka kwa mganga hawaulizi mara ya pili. Mtu huyo anafukuzwa. Wengine wamechomewa nyumba, na wengine wamefanyiwa mabaya zaidi ambayo sitaki kuyaweka karatasini. Nakuomba usimtaje mtu. Na kwa kuwa najua ukiombwa jambo bila kisa unalisahau kabla ya kuvuka mto, nitakupa kisa.

Unajua kwamba Kagongwa nzima wananiita Mama Jogoo. Hata wewe ulipokuwa mdogo uliimba ule wimbo na wenzako, mpaka ulipogundua unamwimba nani. Hukuwahi kuambiwa kisa chote, maana baba yako akianza kukisimulia huanguka kwa kicheko akifika katikati, na bibi yako huondoka.

Kupasua kuku nilifundishwa na mama mkubwa, dada yake mama yangu. Desturi unaijua. Mgonjwa analeta kuku wake, anamtemea mate mdomoni, anamnong'oneza shida yake, na tangu hapo kuku yule amebeba habari za mtu yule peke yake. Huwezi kumbadilisha na mwingine, kama vile huwezi kumkojolea mwenzio mkojo wake. Mganga anampasua, anasoma bawa, mbavu na firigisi. Doa hili ni mizimu inadai, mshipa ule ni ugomvi wa nyumbani. Kujifunza kunataka miaka. Mimi nilikaa mavuno mawili, nikajua doa jekundu na doa jeusi, nikaona yaliyobaki ni rangi za katikati, hizo nitazibuni mwenyewe. Mama mkubwa akaniambia, "Wewe una mdomo. Macho bado." Nikauchukua mdomo wangu nikaenda kuolewa.

Hapa kwa baba yako nikaanza kazi. Nilikuwa binti mdogo tu, lakini nilivaa ngozi ya kanu, yule paka wa porini, na shanga mpaka shingo ikapotea, nikajifunza kusema kwa sauti nzito kama inatoka chini ya mtungi. Siku moja nikamwomba baba yako chumvi kwa sauti ile ile kwa kusahau. Akaniuliza, "Samahani mzimu, wewe ndiye utakayepika leo au mke wangu atarudi?"

Basi akaja mzee mmoja, Jidula, kutoka upande wa Ibadakuli, na jogoo wake mweupe amefungwa uzi mwekundu mguuni. Akamtemea mate, akamnong'oneza kwa muda mrefu sana, mpaka jogoo akasinzia. Nikamfunga nje kwenye nguzo ya kihenge cha nafaka, nikaingia kuvaa shanga zangu. Bibi yako naye siku hiyo alikuwa na wageni, amekamata jogoo wake mweupe wa kitoweo, amemfunika kwa tenga hapo hapo karibu na kihenge. Nilipotoka, uzi wa Jidula ulikuwa umekatika na jogoo wake amekwenda kutembea. Mimi sikutazama. Nilikuwa nimefumba macho nusu, kama mganga anavyotakiwa kuonekana, na mkono wangu ukaangukia tengani.

Nikaingia naye ndani kwa mgonjwa, nikamchinja, nikampasua, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtungi.

"Naona mgongo."

"Ndio mayu! Mgongo!" Mzee wa kunizaa mara mbili, ananiita mayu, yaani mama. Kichwa kikavimba.

"Naona wanawake wawili wanavuta kamba moja."

"Wake zangu! Mayu, umeona mpaka kamba?"

Kumbe, Minza, mgongo aliingia ameushika tangu mlangoni, na wale wake zake nilikuwa nimewasikia njiani wakigombana nyuma yake tangu wakiwa mbali kule kwenye miti ya mihama. Lakini sikujua kwamba nimesikia. Nilidhani nimesoma. Hapo ndipo ugonjwa wa waganga wengi ulipo: wanawasoma watu kwa macho na masikio, halafu wanamshukuru kuku.

Nikawa naendelea, "Na naona mtu mwembamba...", ndipo jogoo wa Jidula akaingia mlangoni. Mzima. Kipande cha uzi mwekundu kinaburuta. Akapanda juu ya kinu, akajinyoosha, akawika.

Jidula anamtazama jogoo juu ya kinu, anamtazama jogoo aliyepasuliwa mkekani. Huko nje namsikia bibi yako, "Jamani, nani kachukua jogoo wa wageni wangu?"

Mtu mwenye akili angecheka, akasema, "Baba, nisamehe, nimekosea kuku, tuanze upya." Maneno machache tu. Mimi nikasema, "Umeona? Ugonjwa wako umekufa. Jogoo wako amerudi."

Mzee Jidula akapiga magoti. Akamchukua jogoo wake akambeba mgongoni kama mtoto, na mgongo ule ule mbovu, akaenda nao umenyooka. Kila nyumba aliyopita alisimama akamwonyesha jogoo.

Wageni wa bibi yako walikula mlenda siku hiyo. Alijua kila kitu, maana alikuta manyoya. Alinijia jikoni, akaniambia polepole, "Leo jogoo wangu amelisha mizimu yako. Kesho mizimu yako ije inilimie." Basi. Hakumwambia mtu. Ningekuwa na akili ningeliweka hilo moyoni: kwamba mama huyu alikuwa na jina langu mkononi mwake na hakulitupa.

Wakaanza kuja. Kutoka Kagongwa, kutoka vijiji ambavyo sijawahi kuvisikia. Kila mtu na kuku wake, na kila mtu anataka kurudi na kuku mzima. Wakiona kuku amelala vile vile, wananuna. "Mama, wangu mbona hafufuki?" Namwambia, "Ugonjwa wako ni mzito, umekwenda naye." Mmoja akaleta mbuzi. Mwingine akaniuliza kwa heshima sana kama naweza kuanza na mama mkwe wake.

Na Bibi Kalekwa, huyo unayekwenda kumpikia, alikuwa anakaa ng'ambo ya mbuga hii hii, kabla mwanawe hajamhamishia Runzewe. Msumbwa, mwembamba, hana shanga hata moja. Mgonjwa akija, anamuuliza: umekula nini, umelala wapi, choo kikoje. Halafu anamshika, anamnusa, anamtazama ulimi. Pengine mwisho wa yote anamwambia, "Hii siiwezi. Nenda kwa fulani." Mimi nilikuwa nikiwaambia watu, "Mganga anayeuliza habari za choo si mganga, ni mfagizi. Na anayewaelekeza watu kwa wenzake akasimame njia panda." Walicheka sana. Habari zilimfikia. Aliniletea salamu, na fungu la mboga kwa kuwa alisikia nimejifungua. Nikaila ile mboga, nikaendelea kumcheka.

Ndiyo, nilikuwa nimejifungua. Wewe. Na ulipoanza kutembea ukishika kuta, ukaugua.

Pua yako ya upande mmoja ikaanza kutoa uchafu. Mwanzoni kidogo, halafu ukawa na harufu ambayo baba yako alisema hata fisi angeomba radhi apite. Ukawa hulali, hunyonyi vizuri, unalia ukiguswa uso. Nikakufukiza. Nikakupaka. Nikakutengenezea bugota, dawa yetu ya mizizi, chungu sana, na sikuionja kwanza mwenyewe, hilo nalo jifunze: dawa ambayo huwezi kuimeza mbele ya mgonjwa usimpe. Haikusaidia. Na watu waliokuwa wamekaa uani na kuku wao wakaanza kunong'ona. Mganga hajigangi, walisema, lakini wakasema kama watu wanaorudisha kuku wao nyumbani.

Hapo nikashikwa na hofu, na nitakuambia kweli, zilikuwa hofu mbili. Moja ni ya kukupoteza wewe. Ya pili ni ya kupoteza wale watu wa uani. Na wakati fulani sikujua ipi imetangulia.

Mama mkubwa alinifundisha kwamba ya nyumbani kwako hupasui mwenyewe. Unakwenda kwa mganga mwingine, kwa sababu kwako unawajua watu mno, na chuki zako zinaingia ndani ya kuku pamoja na mate. Lakini mganga wa karibu alikuwa Bibi Kalekwa. Nikaona heri kuku. Nikachukua kifaranga, nikakutemesha mate, mbele ya watu wote, nikampasua.

Bawa la kushoto, doa. Kushoto ni mwanamke. Karibu na shina, ni mtu wa nyumbani. Na mshipa unaokwenda kwenye kidole: amempa mtoto kitu kwa mkono wake.

Nikasoma kwa sauti, kila neno. Na kabla sijafika mwisho watu wote walikuwa wamegeuza shingo. Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, akipepeta.

Sasa usidhani nilimchukia. Tulikuwa tumegombana asubuhi juu ya kuni, kama tunavyogombana mpaka leo. Lakini ugomvi wa kuni ukikutana na bawa la kuku, unakua. Mwanamke mmoja akasema, "Mtaje." Mwingine, "Mtaje tu, Mama Minza, unamwogopa nani?" Walisema kwa upole, kama unavyomhimiza mtoto ameze dawa. Baba yako alikuwa machungani. Bibi yako aliacha kupepeta. Aliingia ndani.

Nikafungua mdomo. Minza, nilifungua. Jina lilikuwa juu ya ulimi.

Ukapiga chafya.

Ulikuwa mapajani mwangu, na chafya yako yote ikanipata usoni, na harufu ile ikatoka ikawafikia hata wa nyuma. Watu wakarudi hatua. Na katika wale wa nyuma sauti ikasema, "Hiyo harufu naijua. Hiyo si ya uchawi. Hiyo ni ya ghalani."

Alikuwa Bibi Kalekwa. Amesikia mtoto anaumwa, amekuja kuona mgonjwa kama jirani. Akapita katikati ya watu. Akachuchumaa, akakuuliza wewe, mtoto usiyejua kusema, "Unaumwa nini, mama?" Akakunusa pua moja, akanusa ya pili. Akanitazama. "Umewahi kuchungulia humu ndani?"

Mimi niliyesoma bawa, firigisi, mbavu na mizimu ya pande zote mbili, nikasema, "Hapana."

"Mpakate. Hii pua nzima izibe kwa kidole. Weka mdomo wako kwenye mdomo wake, kama unamlisha. Puliza, mara moja, kwa nguvu."

"Puliza wewe, bibi. Wewe ndiye unayejua."

"Wewe ndiye mama. Akiona mdomo wa mgeni ataogopa."

Nikapuliza. Kitu kikatoka puani mwako kama jiwe la kombeo, kikampiga shavuni yule mwanamke aliyesema nisiogope kutaja, kikaanguka mkekani. Watu wakainama. Ilikuwa choroko. Imevimba, imepasuka ganda, na imeota. Ilikuwa na kamzizi keupe, kamejikunja vizuri, kanangoja mvua.

Ukapumua. Ukatazama huku na huku, ukaomba ziwa.

Kuna mtu akacheka, halafu uani kote watu wakaanguka kwa kicheko. Wengine walishika vihenge. Mzee mmoja alisema, "Tumepata shamba, sasa tugawane mavuno!" Na yule mwanamke anajifuta shavu, anasema, "Mimi ndiye niliyerogwa." Wakaondoka na kuku wao, na wimbo wa Mama Jogoo ukapata ubeti wa pili siku ile ile.

Ni nani aliyekupa choroko? Bibi yako. Alikuwa anapepeta, ukalia, akakupa kiganja kimoja uchezee. Mwanamke, wa nyumbani, kwa mkono wake. Kuku alisema kweli tupu, Minza! Hakukosea hata mshipa mmoja. Kwa hiyo usije ukaniambia, "Lakini mama, bawa lilionyesha wazi." Najua linavyoonyesha wazi. Liliniambia nani, halikuniambia nini, na mimi hilo la "nini" nilikuwa tayari kulijaza kutoka kwenye ugomvi wa kuni.

Sasa hapa ndipo baba yako hufika akiwa hoi kwa kicheko, na ndipo bibi yako huondoka. Nitaendelea mimi.

Watu walipokwisha niliingia ndani kumwonyesha ile choroko. Nilidhani tutacheka. Nikamkuta amekaa kitandani, amefunga kifurushi. Nguo zake, kibuyu chake cha mafuta, ungo umefungwa juu. Alikuwa amekifunga wakati mimi nasoma bawa. Hakungoja nimalize. Yeye alishaona mahali fulani, alipokuwa msichana, mwanamke akitajwa, na alijua kwamba anayepata muda wa kuchukua nguo ana bahati.

Nikapiga magoti nikaanza kukifungua. Akashika mkono wangu. "Kiache, mwanangu. Nitakifungua mwenyewe, siku nikiweza."

Kikakaa pale kichwani mwa kitanda chake. Kila asubuhi nilikuwa nakiona nikimpelekea maji ya kunawa. Tulilima, tukapalilia, tukavuna, kifurushi kipo. Alikubeba, alikulisha, alinitania juu ya uji wangu, na usiku alilala kichwa karibu na safari. Sikumwomba msamaha kwa maneno, maneno yangu yalikuwa hayana bei tena nyumba ile. Halafu asubuhi moja akatoka kwenda shambani amevaa kanga iliyokuwa imefungwa mle. Ilikuwa na mikunjo migumu kama imepigwa pasi ya mawe. Nikaiona. Akaona nimeiona. Akasema, "Unatazama nini, jembe liko wapi?" Nikakimbilia jembe, nikalia nyuma ya kihenge kama mjinga.

Hicho ndicho nilichofanya kwa jina ambalo sikulitamka. Fikiria ningelitamka.

Kupasua niliacha. Nikavuka mbuga kwa Bibi Kalekwa, na yeye hakunikumbusha habari za mfagizi. Aliniuliza tu, "Umekula?" Mizizi na majani yote unayoniona nikiyachemsha nilijifunza kwake, na kuzalisha pia. Kubwa alilonifundisha ni kusema "Sijui." Alinifanyisha mazoezi, usicheke. Ananiletea mgonjwa, ananiambia, "Haya, mwambie." Mara ya kwanza nililisema kwa sauti ya mtungi, akasema, "Hapana, hilo sema kwa sauti yako."

Nilikwenda pia kwa mzee Jidula kumwambia kweli. Nikamkuta anamlisha yule jogoo, naye jogoo sasa amezeeka, kilema, ananenepa kama jumbe. Nikamwambia yote: baba, yule niliyempasua alikuwa wa mama mkwe wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mayu, usinitanie. Mgongo umepona."

"Lakini baba, sikumsoma kuku wako."

Akafikiri. "Kwa hiyo dawa ilikuwa katika jogoo wa mama mkwe wako?"

"Hapana, baba..."

"Anao wengine wa uzao ule?"

Alikuja kweli kuwaulizia. Bibi yako akamfukuza kwa mwiko. Kwa hiyo mwanangu, sema kweli mapema ikiwa bado ndogo. Ikishakua hakuna atakayeitaka, hata ukimpelekea mpaka mlangoni.

Huko Runzewe mtapitiwa na watu wengi wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwaka huu mmoja alipita hapa, kofia mpya, viatu hana. Akataka dawa ya kuona dhahabu. Nikamwambia sijui dawa hiyo. Akasema, "Mama, mbona nasikia una jogoo?" Watakuja kama huyo kwa Bibi Kalekwa, na atawarudisha, na wakitoka watakutafuta wewe kisimani, maana utaonekana binti mwepesi wa maneno. Watakuuliza, "Basi tuambie tu, nani katufunga tusione dhahabu?" Neno ni lile lile, limevaa kofia. Mwenye kidonda mtibu. Mwenye homa mtibu. Anayetaka jina mpe maji ya kunywa, ni mbali alikotoka.

Na yale utakayoyaona katika miili ya watu, mwanangu, na watakayokuambia wakiwa wamelala mbele yako, yasitoke nawe hata kwenda kwa mume utakayempata. Mimi nayajua ya nusu ya Kagongwa na hukuwahi kuyasikia, ingawa kuna siku nilikaribia kupasuka.

Bibi yako ameingia sasa. Amesimama juu yangu, ananuka moshi wa kuni, anauliza, "Hiyo barua haiishi? Umeandika nini kirefu hivyo?"

Nikamsomea. Nilifikiri niruke habari za kifurushi, halafu nikaona hata hilo lingekuwa jogoo mwingine. Nikasoma yote, nikiyageuza Kisukuma njiani. Nilipofika kwa Jidula, bibi yako alicheka mpaka akaketi chini. Penye kifurushi akawa anachuma nyuzi za mkeka. Nilipomaliza nikangoja anikaripie.

Akasema, "Andika na langu."

"Niandike nini, mayu?"

"Mwambie Minza hivi. Siku moja akiwa mganga mkubwa, akipasua kuku kule kwao, akaona wazi kabisa, bila shaka lolote, kwamba mchawi ni mimi..."

"Mayu, jamani."

"Andika! Mwambie asimwambie mtu. Afunge safari aje hapa. Akifika nimpikie ugali, ale ashibe. Halafu anitazame usoni, ndipo aseme."

Nimeandika kama alivyosema. Nikamuuliza kama niongeze neno. Akasema hapana, ila nikuite ndani, choroko ulizochambua bado zina mawe.

Mama yako anayekupenda,
Mama Minza